Tupa ya Mzee Meno

"Nimeandika tupa. Sikuandika tupa," alisema Mzee Meno. Alikuwa bado amesimama mlangoni, kofia mkononi, karatasi ya kliniki ya macho ikichungulia mfukoni.

"Kaka, umesema neno lilelile mara mbili."

"Tupa ya kunolea, dada. Chuma cha kunolea meno. Nilifunga vikaratasi ili nisisahau misumeno ipi inataka kupigwa tupa. Nani kakuambia uitupe?"

"Wewe. Kwa mwandiko wako, herufi kubwa kama za duka. T, U, P, A. Shule yangu ni ya msingi, lakini hapo sikukwama."

Katikati ya sebule palikuwa na ndoo mpya ya plastiki, ya bluu, ndiyo iliyopatikana kwa kubadilishana. Ukutani palikuwa na misumari mitatu mitupu.

Mtaa mzima ulimwita dada mtu Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Alihamia kwa kaka yake miaka tisa iliyopita, baada ya mumewe kufariki, akiwa na godoro, cherehani na ulimi wake. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu. Kimoja na nusu kilikaliwa na misumeno ya zamani ya mkono, mia moja na kitu, imetundikwa safu kwa safu kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Kila Jumamosi Shangazi aliipangusa vumbi, na hakukuwa na hata mmoja uliokuwa haujamkata kidole. Kwa misumeno hiyo kaka yake aliitwa Mzee Meno, ingawa kinywani mwenyewe alibakiwa na manne.

Kwa hiyo asubuhi ile, kaka alipokwenda kliniki, na Kilo mnunua vyuma chakavu akapita na mkokoteni wake akipiga debe, Shangazi alipoona vikaratasi vitatu vyenye neno TUPA alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Alidhani mzee ameanza kukua. Akaishusha haraka kabla mwenye mali hajabadili mawazo. Kilo akaipima, akampa ndoo.

Mzee Meno alivuka ile ndoo bila kuitazama. Akagusa msumari wa kwanza, akagusa wa pili. "Hii miwili, basi," alisema. Alipogusa wa tatu akajikunja taratibu, akakaa chini kwenye saruji. Miaka tisa Shangazi hakuwahi kumwona kaka yake amekaa chini.

"Ule wa mpini mweusi," alisema. "Ule haukuwa wangu."

"Hakuna wako hapa. Yote ni ya marehemu."

"Mingine ni ya marehemu. Ule ni wa Shoto."

"Na huyo Shoto yuko wapi?"

"Marehemu."

Shangazi alifungua kinywa, akamwangalia usoni, akakifunga. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule.

Ukarimu wa kaka yake Shangazi aliujua kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifagia nyuma yake. Mzee Meno alikuwa mtunza stoo wa karakana ya samani kwa miaka thelathini na mitano, na tangu ujana alikusanya misumeno ambayo wenyewe wamekufa. Aliitoa kwenye marundo ya vyuma, kwenye nyumba zinazobomolewa, kwa wajane waliokuwa wameichomeka kama nguzo za nyanya. Aliisugua kutu kwa mafuta na msasa, akalinyoosha bapa lililopinda, kisha akauliza huku na huku mpaka ajue ilikuwa ya mkono wa nani. Hakuandika popote. Alitunza kichwani.

Akija mtoto au mjukuu wa fundi yule, alimpa. Hakuuza hata mmoja. Siku moja alifika bwana mmoja mwenye gari refu akitaka ukuta mzima kwa ajili ya hoteli yake, ataje bei yoyote. Mzee Meno akamnywesha chai, akamsindikiza hadi kwenye gari. "Hoteli haina babu," alisema aliporudi, na hayo ndiyo yalikuwa maelezo yake yote. Alikuwa amegawa arobaini na sita. Mafundi wa mtaani walisimama akipita, na dukani alipishwa foleni bila kuomba.

Lililomkosesha Shangazi raha ni namna alivyogawa. Hakumwonyesha mgeni msumeno wa babu yake. Alimwambia tu: "Pita ukutani. Tia mkono kwenye mpini unaoutaka." Kulikuwa na dereva mmoja wa lori, mtu wa mabega, aliyeingia anacheka. Akapita wa kwanza, wa tano, wa kumi na nane. Kwenye wa kumi na tisa mkono ukaingia, vidole vikakaa kwenye vishimo vilivyochimbwa na vidole vya mwingine, na kicheko kikamtoka usoni. Alikuwa kama mtu aliyesalimiwa gizani na sauti anayoijua.

"Ndio huo," Mzee Meno alisema. Akaufunga kwenye kitambaa chenye mafuta, akaweka na tupa mpya juu yake. Dereva alipotia mkono mfukoni, mzee akaukamata ule mkono. "Ulikuwa wako kabla sijaupangusa. Nenda."

Wote arobaini na sita hawakukosea. Miaka ya mwanzo Shangazi alisema ni bahati. Baadaye akagundua kwamba siku moja kabla mgeni hajafika, msumeno wake huvuma ukutani, sauti ndogo, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Alisema ni malori ya kwenye machimbo ya mawe. Alimwambia hivyo jirani, akajiambia mwenyewe, na siku moja, akiwa peke yake na kitambaa cha vumbi mkononi, aliuambia msumeno wenyewe.

Sasa kaka yake hakula mchana ule, hakula jioni. Asubuhi alikunywa chai ya rangi nusu kikombe, akarudi kitandani.

"Kaka, ni chuma tu," Shangazi alisema mlangoni.

"Ndiyo, ni chuma tu," alijibu, na hakugeuka.

Siku ile, saa nane mchana, jua likiwa limewafukuza watu wote barabarani na hata kuku wamenyamaza, Shangazi alikuwa chumbani kwake anashona sare ya mtoto wa jirani. Akasikia mtu anakata mbao sebuleni.

Aliuondoa mguu kwenye cherehani. Ulikuwa mkato mrefu, wa mtu asiye na haraka, lakini katikati ulijikwaa kidogo kila unapopita: krrwa, tak, krrwa. Kama mtu mwenye kigugumizi kwenye neno moja. Alihesabu bila kukusudia. Mikato saba, kisha kimya, kiasi cha mtu kujifuta jasho. Kisha saba tena.

Alikwenda na mkasi mkononi. Sebule ilikuwa tupu. Misumeno ilining'inia imetulia, hakuna uliotikisika. Sauti ilitoka kwenye ule msumari wa tatu, mtupu. Haikutoka nyuma ya ukuta wala nje. Ilitoka pale kwenye msumari, kama sauti ya mtu inavyotoka kwenye simu. Alisogeza sikio. Sauti ikakatika katikati ya mkato wa nne.

Alitazama chini. Sakafu alikuwa ameipiga deki asubuhi, tena kwa ile ndoo ya bluu. Chini ya msumari palikuwa na mstari wa unga wa mbao, mwembamba, mwekundu. Alichovya kidole akanusa. Ulikuwa wa mbao mbichi, wenye uchachu. Ndani ya nyumba ile hapakuwahi kukatwa mbao nyekundu tangu ahamie.

"Dumuzi," alisema kwa sauti kubwa.

Ule ukuta ulikuwa wa tofali za saruji. Dumuzi mwenye meno ya kula saruji hajazaliwa, na Shangazi alilijua hilo alipokuwa bado anatamka. Alifagia ule unga kwenye kizoleo, akasimama nao kibarazani, asijue wapi pa kuumwaga. Mwisho akautia kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunga kifuniko.

Siku ya pili, saa nane, hivyohivyo. Mikato saba, kimya, saba, na kule kujikwaa katikati. Kopo likafika nusu.

Siku ya tatu, sauti ilipoanza, kaka yake aliita kutoka kitandani. "Unahesabu ngapi?"

Shangazi alisimama kwenye mlango wake. Kumbe alikuwa anasikia siku zote. "Saba," alisema.

"Kisha?"

"Kisha inapumzika."

Mzee Meno alifumba macho. "Basi ndiye. Shoto alikuwa akikata saba anajifuta. Saba anajifuta. Hata ukimsemesha, mpaka amalize saba."

Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwa mtu wa kukaa vitandani mwa watu. "Niambie," alisema. "Na usinizungushe."

Akamwambia. Miaka arobaini iliyopita, akiwa kijana wa miaka ishirini na minane, aliazima msumeno kwa Shoto, fundi majeneza, kwa siku moja tu, akate mlango wa chumba chake cha kwanza. Shoto alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na mpini aliuchonga mwenyewe kwa mti mweusi, ukae kwenye kiganja cha kushoto. Mkono wa kulia haukuuelewa. Kijana akaulazimisha, ukapita juu ya msumari uliojificha ndani ya mbao, meno matatu yakaruka.

"Nikaogopa. Nikasema kesho nitautengeneza nirudishe. Kesho ikawa keshokutwa. Tulipokutana njiani Shoto alinicheka tu. 'Kijana, msumeno wangu bado haujashiba mbao zako?' Mimi nacheka naye. Mwezi wa nne akafa."

"Na msumeno ulikuwa bado kwako."

"Ulikuwa chini ya kitanda changu. Jeneza lake likakatwa kwa msumeno wa kuazima, kipande cha chuma butu. Mimi nilikuwa mmoja wa wabebaji. Kifuniko kilikuwa kifupi, dada. Kilipungua upana wa kidole. Lile pengo lilikuja upande wangu, hapa, kwenye bega, karibu na sikio. Nililisikia njia nzima. Upepo ulikuwa unapita mle ndani."

Sebuleni mikato saba iliisha. Walingoja wote wawili. Ikaanza tena.

"Watu wanasimama nikipita," alisema Mzee Meno. "Wananipisha foleni. Arobaini na sita nimegawa, na kila nikigawa najiambia wa arobaini na saba utakuwa ule. Mwezi huu daktari wa macho kaniambia mwaka mmoja, miwili, sitaona jino la msumeno. Nikasema sasa, lazima niutengeneze sasa, nirudishe nikiwa naona. Ndipo nikaufungia kikaratasi. Sitaki kufa nikiwa mwizi mwenye heshima."

Shangazi akasema: "Kwa hiyo umegawa misumeno ya ulimwengu mzima, na uliokuwa unadaiwa ndio uliotulia ukutani."

"Ndiyo."

"Na ulijua wa kumpa?"

"Ana binti. Walihama baada ya msiba. Njia naijua tangu zamani, miguu ndiyo iligoma."

"Sawa," Shangazi alisema akiinuka. "Mimi ndiye niliyetupa, mimi nitafuata. Wewe kunywa uji, nisirudi nikakukuta nawe umepungua kidole."

Kilo alikuwa kwenye uwanja wake wa vyuma, amekaa juu ya injini iliyokufa, anakula muwa. Shangazi alimwekea ndoo miguuni.

"Chukua ndoo yako. Nipe misumeno yangu."

"Shangazi, ndoo imeshatumika. Naona na alama ya tambara."

"Imepiga deki mara tatu, sasa ni safi kuliko ulivyoitoa. Iko wapi?"

Kilo alitema kapi la muwa. "Miwili imeshaondoka na lori la kiwandani. Saa hizi ni uji. Ule mweusi hata hapa haukufika."

"Umeuza."

"Nimebadilisha. Kona ya kwanza tu kutoka kwako. Mama mmoja, fundi wa vitanda, alikuwa anapita na kitanda cha chuma kibovu anakileta kwangu. Akasimama." Kilo aliteremsha sauti, ingawa uwanjani hapakuwa na mtu ila mbuzi. "Hakuchagua, Shangazi. Mzigo ulikuwa umefunikwa na mabati. Alitia mkono chini ya mabati huku ananiangalia mimi machoni, akautoa kama mtu anayetoa ufunguo mfukoni mwake. Mkono wa kushoto. Nywele zilinisimama."

"Una kipara."

"Za mikononi."

Shangazi hakucheka. "Anakaa wapi?"

"Nyuma ya machimbo. Nyumba yenye mlango wa kijani. Ndoo unaiacha au unaondoka nayo?"

"Nimeiacha. Ungekuwa na adabu ungeniuliza kama ninaidai."

Alirudi nyumbani, akamkuta kaka yake amekaa na bakuli tupu la uji. Alipomtajia mlango wa kijani, mzee hakuuliza ni wa nani.

"Vaa viatu," Shangazi alisema. "Kesho saa saba tunatoka."

"Dada, nitasema nini?"

"Huyo mwenye msumeno keshaanza kusema siku tatu. Wewe utajibu tu."

Kesho yake walitoka kwenye jua kali. Mzee Meno alibeba mfuko wenye tupa tatu, nyembamba, ya kati na nene, na jiliwa dogo la kubana bapa. Shangazi alibeba kopo la maziwa. Hakumwambia kaka yake kwa nini, na mwenyewe hakujua vizuri. Alijua tu kwamba hataki kulala nalo tena nyumba moja. Barabara ya machimbo ilikuwa nyeupe na haina mtu. Malori hayakufanya kazi siku ile. Shangazi alilitambua hilo, akaongeza mwendo, kwa sababu asubuhi msumari mtupu ulikuwa umevuma kama nyuki ndani ya kopo.

Walisikia kabla ya kuona. Krrwa, tak, krrwa. Mzee Meno alisimama. Shangazi alimshika kiwiko. Mikato saba. Kimya. Saa yake ilionyesha saa nane na dakika mbili.

"Ni yuleyule," Mzee Meno alisema.

"Ni mtu anafanya kazi," Shangazi alisema. "Tembea."

Kwenye kibanda cha mabati kando ya mlango wa kijani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kanga kiunoni na penseli nyuma ya sikio, alikuwa anakata ubao mwekundu. Alikata kwa mkono wa kushoto. Aliwaona, hakuacha. Alimaliza saba, akajifuta paji la uso kwa mgongo wa mkono, ndipo akasema, "Karibuni."

Mzee Meno alivua kofia. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yalimtoroka yote, likabaki moja. "Nimechelewa."

Fundi wa vitanda alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomtia Shangazi ubaridi wa mgongo kwenye jua lile. Alikuwa na uso wa mtu ambaye mgeni wake amefika saa aliyoahidi.

"Baba alikutaja," alisema. "Siku zake za mwisho wajomba walitaka waje wakukamate. Akasema hapana, muacheni, yuko njiani."

"Alisema hivyo?"

"Yuko njiani. Miaka arobaini nikisikia mtu anapiga hodi nadhani ni wewe. Kaa, mzee, hilo benchi ni zima."

Alikaa. Akasema yote, mlango wa chumba, msumari ndani ya mbao, meno matatu, kitanda alichoufichia. Alisema akitazama magoti yake. Fundi aliupapasa msumeno kwenye lile pengo la meno kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo hapa ndipo unapojikwaa. Na wewe naona kinywani ni vilevile. Au uliyatoa yako ukajaribu kuyapandikiza?"

Shangazi alicheka bila kutaka. Mzee Meno naye alicheka kidogo, kisha kicheko kikamgeukia. "Kuna jingine," alisema. "Kifuniko. Kifuniko cha jeneza kilikuwa kifupi. Nilikibeba, nililiona lile pengo. Ungekuwapo msumeno huu, baba yako angefunikwa vizuri."

Mwanamke aliweka msumeno mezani. Kwa mara ya kwanza uso wake ulitikisika.

"Nani kakuambia kilikuwa kifupi? Hatukumwambia mtu. Mama alikiwekea kitambaa."

"Kitambaa kilipeperuka njiani. Pengo lilikuwa upande wa bega langu."

"Nilikikata mimi," alisema. Alisema kwa sauti ya chini, akaitazama mikono yake. "Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mafundi wote walikuwa wanachimba kaburi, hapakuwa na mtu, na baba alikuwa amenifundisha. Nilipima mara tatu. Kikatoka kifupi. Tangu siku ile kila ubao napima mara nne, na kila nikipima namwona baba amelala mle upepo unamwingia. Nimekaa nikijua kwamba nilimkosea kipimo baba yangu mwenyewe."

Juu ya meza msumeno ulianza kuvuma, peke yake, sauti ile ndogo ya nyuki, na hakuna aliyesema ni malori.

Mzee Meno aliinuka. "Msumeno mliouazima ulikuwa wa nani?"

"Wa jirani."

"Mpini wa kulia?"

Alifikiri. "Wa kulia. Ulikuwa unanisukuma nje ya mstari."

"Basi hukukosea kipimo. Mkono wa kushoto kwenye mpini wa kulia, butu, mtoto wa miaka kumi na mitatu. Hata mimi, mtu mzima, mpini wa kushoto kwenye mkono wa kulia ulinishinda nikavunja meno. Kipimo chako kilikuwa sawa. Kidole kile nilikila mimi, mama. Kiandike kwangu."

Fundi wa vitanda alikaa chini kwenye rundo la mbao. Hakulia. Alitoa ile penseli nyuma ya sikio, akaigeuza vidoleni, akairudisha. Kuvuma kulikuwa kumekoma, na hakuna aliyejua kulikoma saa ngapi.

"Umeleta tupa?" aliuliza baadaye.

"Nimeleta tatu."

"Basi fanya kazi."

Mzee Meno alifunga jiliwa kwenye ukingo wa meza, akabana bapa, akaanza. Meno yaliyovunjika hayabandikwi. Hushushwa safu nzima, jino kwa jino, mpaka yale mengine yawe mafupi na yale yasiyokuwepo yachongwe upya. Ni kazi ya kutwa. Alisogeza uso karibu na chuma mpaka pua ikawa nyeusi. Macho yalipochoka alitumia kidole gumba. Shangazi alitaka kumwambia apumzike, akaacha. Fundi alimletea maji mara mbili, na mara zote mbili alisimama nyuma yake akiangalia. Jua lilikuwa limeshuka kwenye mabati ya jirani alipolegeza jiliwa, akapitisha mafuta, akaugeuza msumeno ili mpini uende kwa mwenyewe.

Mwanamke aliuweka kwenye ule ubao mwekundu. Mkato wa kwanza ulipita bila kujikwaa. Wa pili, wa tatu. Mzee Meno alikuwa amefumba macho anahesabu kwa midomo. Saba. Kimya. Akajifuta paji la uso.

"Sasa hatudaiani," alisema fundi wa vitanda. "Wewe umelipa, na la kifuniko nimekusamehe. Nami umeniondolea langu."

Mzee Meno alikusanya tupa zake. Mbili akazitia mfukoni. Ile mpya, nyembamba, akaiacha juu ya meza kama alivyowaachia wale arobaini na sita, na mwanamke akaisogeza kando ya penseli zake.

Kisha akainama kuchukua ufagio. "Kitu kimoja tu kinanisumbua kwenye msumeno huu," alisema, nusu kwa Shangazi. "Siku tatu nakata mbao ile ile, mchana wote, chini hapajai. Unga wake sijui unakwenda wapi. Nimesema ni upepo, lakini hapa hapana upepo."

Shangazi alilitazama kopo mikononi mwake. Alikuwa na jambo la kusema juu ya dumuzi, na lingine juu ya malori. Yote mawili aliyameza. Akafungua kifuniko, akachuchumaa chini ya meza, akaumwaga unga mwekundu wote pale ulipokuwa umepungua, akaligonga kopo mara mbili kwenye kitako mpaka la mwisho likatoka.

"Ni wako," alisema.

Fundi wa vitanda aliutazama, akamtazama yeye. Hakuuliza. Akaufagia pamoja na ule wa leo, rundo moja.